Kila mwewe na njia yake

Muulize mtoto yeyote anayesoma Nairobi ni ndege gani mwizi kuliko wote, naye hatachelewa kukujibu. Saa nne, kengele ya mapumziko inapolia na watoto kumwagika uwanjani na mandazi yao mkononi, mwewe naye huwa ameshafika. Huzungukazunguka juu kana kwamba hana haja na mtu. Mara, andazi limekwenda, na mwenyewe amebaki ameduwaa akitazama vidole vilivyokwaruzwa.

Siku ya pili mambo huwa ni yale yale. Nawe msomaji ukiulizwa ni nani aliyeiba, utasema "mwewe" na kuyamaliza hapo. Hungesema hivyo kuhusu binadamu. Mtu akiporwa mkoba pale Gikomba hatusemi "mtu ameiba" tukaenda zetu. Twataka kujua ni nani, ana umri gani na amekimbilia wapi. Lakini tukimtazama ndege anayewinda, awe ni mwewe, tai, kozi au tumbusi, twadhani kwamba ukishamwona mmoja umewaona wote.

Masomo yetu ya shuleni nayo yalituzoesha fikira hiyo. Tuliambiwa kwamba baridi inapoingia Ulaya na Asia, tai na vipanga huhamia Afrika, na baridi inapokwisha hurudi kwao. Basi mtu hujenga picha ya jeshi akilini: wote wameondoka siku moja, wakafuata njia moja, wakatua mahali pamoja. Leo, msomaji mpendwa, hebu tuibomoe picha hiyo. Wataalamu waliowafuatilia ndege hawa mmoja mmoja wamegundua kwamba kila mmoja ana safari yake, na kwamba mara nyingi tofauti hizo ndizo zinazoamua nani atafika na nani ataachwa njiani.

PETE HAIKUSEMA YOTE

Zamani, njia ya pekee ya kumfuata ndege msafiri ilikuwa ni kumvisha pete ya chuma mguuni yenye nambari, kisha kumwachilia na kungoja. Kama bahati ilikuwepo, mtu mwingine, pengine katika bara jingine, angemwokota ndege yule na kuandika barua. Pete ilieleza mambo mawili tu: alikotoka na alikopatikana, aghalabu akiwa maiti. Yaliyotokea katikati alibaki nayo ndege mwenyewe.

Kuanzia miaka ya 1980 wataalamu walianza kuwafunga ndege wakubwa vifaa vya kurusha mawimbi hadi kwenye setilaiti. Siku hizi vifaa hivyo hupata nguvu kutokana na miale ya jua, na vingine vina uzito wa gramu 5 tu, kiasi cha kijiko kimoja cha sukari ya chai. Ndege hubebeshwa mgongoni, kama mwanafunzi na mkoba wake. Vingine hutumia mtandao wa simu za mkononi: ndege akipita karibu na mnara, kifaa hutuma ujumbe kueleza alikopitia.

Ni vifaa vya namna hiyo vilivyowatia wataalamu wa Urusi taabani mwaka 2019. Walikuwa wakiwafuatilia tai wa nyika kadhaa, ndege wakubwa wa rangi ya kahawia wanaozaliana katika nyanda za Urusi na Kazakhstan. Tai wengi walisafiri kama ilivyotarajiwa, wakituma ujumbe wao kwa bei nafuu. Lakini alikuwepo mmoja, jike aliyeitwa Min, aliyetoka jimbo la Khakassia huko Siberia. Huyu alikaa msimu mzima wa joto katika sehemu za Kazakhstan zisizofikiwa na mawimbi ya simu. Ujumbe ukarundikana ndani ya kifaa chake. Wataalamu walitumaini kwamba angeutuma angali Kazakhstan, lakini wapi! Min alinyoosha moja kwa moja hadi Iran, na alipofika penye mnara akamwaga ujumbe wote kwa mara moja, kwa bei ya rubli 49 kwa kila ujumbe.

Fedha zilizotengewa tai wote zikamezwa. Wataalamu hawakuwa na la kufanya ila kuwaomba wananchi wachange ili tai wawekewe salio kwenye simu. Zikapatikana zaidi ya rubli 100,000, na kampuni ya simu nayo ikajitolea kusaidia kulipa deni. Watu wengi walicheka waliposoma habari hiyo. Lakini chini ya kichekesho hicho palikuwa na somo: tai wa aina moja, wenye vifaa vya aina moja, na bado mmoja wao alifanya yake.

Kwa hakika tai wa nyika ni mgeni wetu pia. Kati ya Oktoba na Machi huonekana humu nchini, hasa baada ya mvua, akitembea chini kwa miguu kama kuku na kuokota kumbikumbi. Utadhani ndege mkubwa hivyo angeona haya!

WAZEE WA DOÑANA

Swali linalofuata ni hili: tofauti hizo hutoka wapi? Je, ndege huzaliwa nazo, au hujifunza njiani?

Jibu zuri lilitolewa na mwewe wenyewe. Kusini mwa Uhispania, karibu na mahali ambapo mto Guadalquivir unaingia baharini, ipo mbuga iitwayo Doñana. Mwewe weusi wa huko ni ndugu wa karibu wa mwewe wetu mwenye mdomo wa manjano. Kila mwaka huvuka bahari pale Gibraltar, mahali ambapo Ulaya na Afrika zimetenganishwa na maji ya kilomita 14 tu, kisha hupita Jangwa la Sahara na kwenda kukaa katika nchi za Sahel, kama Senegal na Mali.

Mtaalamu Fabrizio Sergio na wenzake waliwafunga vifaa mwewe 92, wachanga wa mwaka 1 hadi wakongwe wa miaka 27, na kuzifuata safari 364. Matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2014. Walichokiona ni kwamba mwewe mchanga na mwewe mzee hawasafiri sawa hata kidogo. Mchanga huchelewa kuondoka Afrika. Upepo ukivuma kutoka ubavuni humsukuma nje ya njia, naye hupoteza siku nyingi. Mzee huondoka mapema, huuweza upepo na hufika mapema. Na anayefika mapema ndiye anayechagua mahali pazuri pa kujenga kiota.

Je, ina maana kwamba kila mwewe huwa hodari akizeeka? Si hivyo tu. Mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, mwewe mmoja mmoja hujifunza: safari ya tatu huwa bora kuliko ya kwanza. Pili, na hili ni la kusikitisha, wale wasioweza hufa. Kwa hivyo ukimwona mwewe wa miaka 20 akivuka Gibraltar kwa madaha, ujue unamtazama mwanafunzi aliyefaulu mtihani ambao wenzake wengi wa darasa moja waliuanguka. Tena si mtihani wa kurudiwa.

Waswahili husema kuishi kwingi ni kuona mengi. Usemi huo sasa una ushahidi wa setilaiti.

ASIYEFUNZWA NA MAMAYE

Huenda ukauliza, mbona wazazi wasiwaongoze watoto wao? Miongoni mwa korongo na bata bukini, hilo hufanyika: mtoto husafiri na wakubwa na kujifunza njia. Lakini ndege wengi wanaowinda huondoka kila mmoja kwa wakati wake, na mara nyingi wazazi hutangulia.

Mtazame kipanga mmoja wa Ulaya anayependa kuchimbua viota vya nyigu na kula mabuu yake. Hana jina lililozoeleka kwetu, kwa hivyo tumwite mla-nyigu. Wataalamu wa Uswidi waliwafunga vifaa wakubwa na wachanga, na ripoti yao ikatoka mwaka 2003. Wakubwa walizunguka mbali upande wa magharibi ili wavukie Gibraltar, penye maji machache. Kipanga mkubwa hutegemea hewa moto inayopaa kutoka ardhini. Huitumia kama lifti, akapanda bila kupiga mbawa, kisha akateleza mbele. Juu ya bahari lifti hiyo huwa haba, kwa hivyo anayeijua bahari huikwepa.

Wachanga hawakuijua. Waliondoka baada ya wakubwa, wakiwa na mwelekeo wa kusini tu waliozaliwa nao, wakafuata kusini na kuivuka Mediteranea popote ilipowakuta. Wengine hufika. Wengine huishia majini. Wachanga kadhaa walioangua Scotland walisukumwa na upepo hadi katika bahari ya Atlantiki, na huko hapakuwa na mahali pa kutua. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwa mla-nyigu mwalimu huyo hana huruma.

Baba na mama nao hawasafiri pamoja. Yupo kipanga mvuvi, yule anayejitumbukiza majini miguu mbele na kuibuka na samaki. Kule Uswidi, jike ndiye anayetangulia kuondoka, na dume hubaki nyuma akiendelea kuwavulia watoto mpaka waweze kujitegemea. Baadaye kila mmoja huenda zake, na mara nyingi mahali alipokaa Afrika mwaka jana ndipo anaporudi mwaka huu, ufuo ule ule. Wakikutana tena, ni kwenye kiota, miezi kadhaa baadaye. Ndoa ya namna hiyo wengine wetu tunaifahamu: baba yuko Nairobi, mama yuko mashambani, na mkutano ni wa msimu.

SAA YAKE, NJIA YOYOTE

Lakini mzee mwenye uzoefu hafuati mstari uliochorwa. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walichapisha habari za vipanga wa vinamasi ambao walifuatiliwa katika safari zaidi ya moja kati ya Uswidi na Afrika Magharibi. Walitaka kujua kama ndege mmoja hurudia njia yake mwaka hata mwaka.

Walikuta jambo la ajabu. Kwa upande wa njia, ndege yule yule aliweza kupita huku mwaka huu na kupita kule mwaka ujao, kulingana na upepo na hali alizozikuta. Lakini kwa upande wa tarehe, kila mmoja alikuwa na kalenda yake na aliishika. Aliye wa mapema alikuwa wa mapema kila mwaka; mchelewaji naye alichelewa kila mwaka.

Mfikirie jirani yako anayekwenda kwao Kakamega kila Desemba. Tarehe ya kuondoka haibadiliki, utafikiri ameandikiwa. Lakini njia hubadilika: mwaka huu gari limepitia Eldoret, mwaka ujao limepitia Kericho na Kisumu, almuradi Krismasi imkute nyumbani. Na yule mwingine, anayefunga safari mkesha wa sikukuu wakati nauli imeshapanda, atafanya hivyo hivyo mwaka kesho. Vipanga nao wana watu wa namna zote mbili.

TUMBUSI WA MARA

Turudi hapa nyumbani, maana si lazima ndege avuke bahari ili awe msafiri. Tumbusi wetu hawahami kama tai wa nyika, lakini hawakai mahali pamoja. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba tumbusi wa Masai Mara na Serengeti huwafuata nyumbu popote waendapo mwaka mzima, kama mchuuzi anayefuata siku za soko.

Corinne Kendall, Munir Virani na wenzao waliwafunga tumbusi vifaa na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Tumbusi hawakuwafuata nyumbu mwaka mzima. Wakati wa kiangazi, nyumbu wanapokuwa Mara na wengi wanakufa, tumbusi hujaa hapo. Lakini nyumbu wakirudi kusini kwenye majani mabichi na afya njema, tumbusi huwaacha na kutafuta sehemu kavu ambako wanyama wanakufa kwa njaa. Kinachomvuta tumbusi ni kifo, wala si wingi wa wanyama.

Katika kutafuta huko, tumbusi hutoka nje ya mbuga na kuingia malishoni kwa watu. Tumbusi hajui palipowekwa kibao cha mpaka. Na huko ndiko sumu iliko. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe na simba au fisi hupata hasira, akanyunyizia mzoga dawa kali ya kuua wadudu. Simba anaweza kuja au asije. Tumbusi hakosi kuja, tena hushuka kwa makumi, kwani mmoja akiteremka wengine humwona kutoka mbali na kumfuata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba tumbusi wa Mara na sehemu zilizo karibu walikuwa wamepungua kwa zaidi ya nusu katika muda wa miaka 30 hivi.

Sasa unganisha habari hii na ile ya mwewe wa Doñana. Tumbusi hutaga yai moja tu, na mtoto huchukua miaka kadhaa kabla ya kuwa mzazi. Mzoga mmoja wenye sumu hauchagui. Huua mchanga asiyejua kitu, na huua mzee aliyetumia miaka 20 kujifunza wapi pana maji, wapi hewa inapaa na wapi mizoga hupatikana ukame ukizidi. Kuku akifa utanunua kifaranga. Ujuzi wa tumbusi mzee hauuzwi sokoni.

KIJIJI KILICHOBADILI NIA

Usidhani, hata hivyo, kwamba habari zote ni za msiba. Kila Novemba na Desemba, anga ya Tsavo na sehemu nyingine za nchi hupitiwa na kozi wadogo wa Amur, ndege wasiozidi gramu 200. Hutoka mpakani mwa China na Siberia, hupumzika kaskazini mashariki mwa India, kisha huivuka Bahari ya Hindi bila kutua mpaka Somalia, na kutoka hapo huteremka kupitia kwetu hadi kusini mwa Afrika.

Mwaka 2012 dunia ilishtuka kusikia kwamba katika jimbo la Nagaland, India, kwenye bwawa la Doyang, kozi hawa walikuwa wakinaswa kwa nyavu na kuuzwa kama kitoweo, makumi ya maelfu kwa msimu mmoja. Viongozi wa vijiji, makanisa na watu wa mazingira wakaketi na wananchi. Mwaka 2013 uwindaji ule ulikoma. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo kozi watatu walifungwa vifaa na kupewa majina ya huko huko: Naga, Wokha na Pangti.

Hapo ndipo ndege walipokuwa na majina, na watu wakawa na habari za kuulizana. Naga amefika wapi? Pangti ameshavuka bahari? Waliokuwa wakitega nyavu wakawa wanawafuatilia wasafiri wao kama mzazi anayengoja barua ya mwanawe aliye ng'ambo. Wawili kati yao, Naga na Pangti, walifuatiliwa mpaka waliporudi Doyang mwaka 2014.

Ndege asiye na jina ni nyama. Akiwa na jina, na safari yake ikajulikana, mkono wa kumuua huwa mzito.

KAZI YA NYUMBANI

Kwa hivyo, msomaji, mwanao akirudi kutoka shuleni akilia kwamba mwewe amemnyang'anya andazi, usimwambie tu ajifiche ndani kesho. Muulize: ni mwewe yupi?

Huhitaji setilaiti kulijua hilo. Mwewe wetu mkubwa ana mdomo wa manjano, lakini mchanga bado mdomo wake ni mweusi. Mmoja amepungukiwa unyoya mkiani, mwingine ana pengo kwenye ubawa wa kushoto. Mmoja hutokea juu ya mti ule ule kila siku, mwingine ni mpita njia. Mpe mwanao daftari na kalamu, aandike tarehe, saa, na alama aliyoiona. Katika mwezi mmoja atakuwa anawajua mwewe wa shule yao kama anavyowajua walimu. Mkipata nafasi, mtembelee chumba cha ndege katika jumba la makumbusho la taifa pale Nairobi, au siku ya mapumziko mwende Hell's Gate karibu na Naivasha, mkaketi na kutazama ndege wakipanda kwenye magenge bila kupiga ubawa.

Na kama una ndugu mfugaji huko mashambani, mwambie habari za tumbusi. Mwambie kwamba sumu aliyomwekea fisi huenda ikamwua mzee wa miaka 20, aliyekuwa akiwasafishia malisho bila kulipwa, na kwamba akiona mzoga wenye sumu, au ndege wengi waliokufa pamoja, awaarifu askari wa KWS mapema na asiuguse kwa mikono mitupu.

Anga ya Kenya haina kizuizi cha polisi wala kibanda cha forodha. Katika msimu wao wanapita humo mabingwa waliovuka jangwa mara 20 na wanagenzi wa safari ya kwanza, kila mmoja na kalenda yake. Sisi tumezoea kuinua macho pale tu andazi linapopotea.